Nasibu na Subira katika Mchezo wa Poka

Katika michezo yote ya karata iliyoenea duniani, poka ndiyo iliyowalazimisha watu wake kutafuta adabu ya kupokea hasara isiyostahiki; kwani mtu aweza kutenda kila lililo sawa, akamsoma mpinzani wake barabara, akaweka sarafu zake zote mezani wakati ambapo ushindi uko upande wake mara nne katika tano, kisha ikafunuliwa karata moja tu ya mwisho, akabaki mikono mitupu, ilhali yule aliyemfuata dau bila hoja wala hesabu analizoa fungu zima. Adabu hiyo haikuteremka kwa siku moja. Ina tarehe yake, nayo yastahili kuelezwa, maana mengi wanayofundishwa leo wachezaji wa mashindano ya mtandaoni kana kwamba ni hekima mpya yalikwisha kujulikana na watu waliojifunza kwa safari ndefu na kwa kufilisika. Wala si kusudi langu kumshawishi mtu acheze: kamari kwa Mwislamu ni haramu iliyo wazi, na kwa asiye Mwislamu pia imekwisha kuvunja nyumba nyingi, walakini jambo likikatazwa halikosi kuwa na historia, na historia ya hili ni historia ya binadamu akipambana na nasibu.

Mchezo ulikulia New Orleans mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji ule ambao Marekani iliununua kwa Ufaransa mwaka 1803 pamoja na jimbo zima la Louisiana, na ambao wakazi wake walikuwa wakicheza mchezo wa Kifaransa uitwao poque. Kutoka hapo ukapanda mto Mississippi kwa merikebu za moshi. Zamani hizo zilitumika karata 20 tu, watu wanne wakigawiwa tano tano hata zikaisha zote, ndipo madau yakaanza. Na hapa pana jambo ambalo naliona kubwa kuliko inavyodhaniwa, nalo ni kwamba katika mchezo wa namna hiyo hapakuwa na karata iliyosalia kuja baada ya dau kuwekwa. Aliyekuwa mbele alikuwa mbele mpaka mwisho. Aliyeshindwa hakuwa na nasibu ya kulaumu baada ya kuweka mali yake. Kilichobaki ni kumshuku mgawaji, na shaka hiyo aghalabu ilikuwa na msingi. Mwigizaji Mwingereza Joseph Cowell, katika kitabu alichokitoa mwaka 1844, alisimulia mchezo wa merikebuni wa mwaka 1829, ambamo mgawaji mwenye hila alizipanga karata kwa manufaa yake, kisha katika msukosuko wa chombo akakosea mpango wake mwenyewe, karata bora zikamwangukia mwingine. Basi ghadhabu ya wakati ule ilikuwa ghadhabu juu ya khiana, si juu ya kadari, na malipo yake yalikuwa ya damu: huko Vicksburg, mwezi wa Julai mwaka 1835, wenyeji waliwanyonga wacheza kamari watano bila hukumu ya kadhi yeyote.

Karata zilipoongezwa kuwa 52, na baadaye wachezaji waliporuhusiwa kutupa baadhi ya karata zao na kuchukua nyingine, ndipo nasibu ilipopata mlango wa kuingilia baada ya dau. Mlango huo ukafunguliwa wazi kabisa na mchezo wa Texas hold'em, ambao bunge la jimbo la Texas liliutambua mji wa Robstown kuwa ndiko ulikozaliwa: kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa katikati ya meza kwa hatua, kwanza tatu, halafu moja, halafu moja ya mwisho, na katika kila hatua hesabu yaweza kupinduka.

Waliouchukua mchezo huo katika miji ya Texas baada ya Vita Vikuu vya Pili walikuwa wasafiri wa barabarani, na miongoni mwao walijulikana sana watatu waliotembea pamoja, Doyle Brunson, Thomas Preston aliyeitwa Amarillo Slim, na Brian Roberts aliyeitwa Sailor. Watu hawa walicheza kwa mfuko mmoja wa shirika. Mmoja akipigwa na nasibu, hasara iliwagawanyikia wote, na safari ikaendelea. Naiona desturi hii kuwa dawa ya kwanza ya kweli iliyopata kutolewa kwa maradhi ya kipigo cha bahati, nayo haikutolewa kwa mawaidha bali kwa akiba: mtu asiyehatarisha riziki yake yote kwa karata moja ndiye awezaye kuiangalia karata hiyo ikianguka vibaya na moyo wake ukatulia. (Hata hivyo akiba nayo ina mipaka, kwani walipoingia Las Vegas kwa mara ya kwanza walipoteza mfuko wote.)

Mambo yaligeuka mwaka 1971. Benny Binion, mwenye nyumba ya kamari ya Horseshoe mjini Las Vegas, alikuwa amewakusanya mabingwa mwaka uliotangulia, nao wakamchagua Johnny Moss kwa kura. Lakini mara hii ya pili waliweka dola 5,000 kila mmoja, na aliyeishiwa sarafu alitoka, mpaka akabaki mtu mmoja. Moss akashinda tena, safari hii kwa karata. Kabla ya hapo aliyepigwa aliweza kutia mkono mfukoni akakaa tena. Katika mashindano hakuna mfuko. Uchungu ambao leo kila mchezaji anaufahamu, uchungu wa kutolewa mlangoni baada ya saa nyingi za kazi nzuri kwa sababu ya kosa la mwingine, ulipata umbo lake pale.

Na kadari haikuchelewa kuonyesha mkono wake. Mwaka 1976 Brunson alifika mwisho wa mashindano akiwa na karata ya kumi na ya mbili, karata dhaifu, dhidi ya ree na ghulamu za Jesse Alto; zikafunuliwa ree, ghulamu na kumi, Alto akawa na jozi mbili, na Brunson yuko nyuma sana; ikaja mbili, kisha ikaja kumi. Mwaka uliofuata alikuwa tena na ya kumi na ya mbili, dhidi ya nane na tano za Gary Berland. Zikafunuliwa kumi, nane na tano, tena yuko nyuma. Ikaja mbili, na ya mwisho kumi. Bingwa mkubwa wa zama zake alitwaa taji mara mbili mfululizo kwa namna ambayo mchezaji wa leo angeiita dhuluma lau angekuwa upande wa pili wa meza. Hadithi hii husimuliwa aghalabu upande wa mshindi; mimi hukumbuka zaidi wale wawili walioshindwa, ambao karata tatu za kwanza zilipofunuliwa walikuwa mbele.

Hesabu ya kuyaeleza haya ilikuwako tangu mwaka 1654, Pascal na Fermat walipoandikiana barua juu ya kugawana fungu la mchezo uliokatizwa, bali ilikawia kufika katika poka. David Sklansky, katika kitabu chake The Theory of Poker cha mwaka 1987, aliweka kanuni kwamba kila mpinzani anapotenda tofauti na vile ambavyo angetenda kama angeziona karata zako, wewe umepata faida. Kwa kanuni hiyo, anayefuata dau kiholela si adui. Tukiliacha kando fungu lililokwisha kuwako mezani, mtu anayekufuata kwa dola 100 huku nafasi yake ni moja katika tano anakuachia dola 60 kwa wastani, hata siku ile anapoondoka akicheka. Wenye kazi hii walilijua jambo hilo kabla ya kitabu, na ndiyo maana katika adabu ya meza za zamani kumkemea mgeni kwa mchezo wake mbaya kulihesabiwa upumbavu: ama atajifunza, ama ataondoka na fedha zake.

Poka ya fedha halisi iliingia katika intaneti tarehe 1 Januari 1998, kwa kampuni ya Planet Poker. Miaka mitano baadaye Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeipata nafasi yake kwa mashindano madogo ya mtandaoni ya dola 86, aliwashinda watu 838 pale Horseshoe na kutwaa dola milioni 2.5. Njiani alimtoa Phil Ivey katika nafasi ya kumi: Moneymaker alikuwa mbele kwa bibi watatu, Ivey akapata tisa aliyoihitaji akawa mbele yeye, na karata ya mwisho ikawa ree, ikamrudisha Moneymaker juu. Wote wawili walipigwa na nasibu katika mkono mmoja, yaani mgao mmoja wa karata, ila mmoja tu ndiye aliyetoka. Mwaka 2006 washiriki walifika 8,773.

Wingi huo, pamoja na mwendo wa mashine, ndio uliobadili hali ya mchezaji. Katika meza ya watu mtu hugawiwa mikono ipatayo 30 kwa saa. Mtandaoni huzidi maradufu, na wengi hucheza meza kadhaa kwa pamoja, hata vipigo ambavyo msafiri wa Texas alivipata kwa mwezi vinamfikia kijana wa leo kabla ya usiku kwisha. Na katika mashindano faraja ya wastani ni pungufu: ambaye ushindi uko upande wake mara nne katika tano, akalazimika kuweka sarafu zake zote mara tano dhidi ya watu wanaoweza kumtoa, atavuka zote tano chini ya mara moja katika tatu. Kutolewa ndiyo hali ya kawaida. Asiyekubali hesabu hii tangu mwanzo atamtukana kila aliyemfuata kiholela, kisha kwa hasira ataanza kufuata kiholela yeye mwenyewe, akifukuzia hasara usiku kucha. Na ni huko kufukuzia, wala si ile karata moja, ambako nimeona kunawamaliza watu.

Haki yataka niseme pia kwamba si kila lalamiko lilikuwa la mtu mpumbavu. Mwaka 1999 wataalamu wa programu walionyesha kwamba njia iliyotumiwa na Planet Poker kuchanganya karata iliweza kubashiriwa. Mwaka 2007, katika mashindano ya Absolute Poker, mchezaji mmoja alifuata dau kubwa akiwa hana kitu ila kumi, akashinda. Wachezaji wenzake wakaipata orodha ya mikono yote, wakaichambua, na ikadhihirika kwamba mtu huyo alikuwa akiziona karata za wengine. Khiana ya merikebuni ilikuwa imerudi. Tofauti ya mlaghai na mfuasi wa kiholela ilijulikana kwa kuhesabu mikono mingi, kwani mfuasi wa kiholela hukosea, na yule hakuwa akikosea kamwe.

Nyumba za kamari nazo zilitunga kifuta machozi chao, hazina inayokatwa kidogo kidogo katika mafungu, ambayo mtu akishindwa akiwa na karata kubwa mno humpa fungu kubwa kuliko aliyemshinda. Sipendi sana mpango huu, maana fedha zake hutoka mifukoni mwa wachezaji wale wale. Napendezwa zaidi na sharti alilolitoa Erik Seidel, aliyekuwa wa pili katika mashindano ya Horseshoe ya mwaka 1988, alipokubali kumfundisha mwanasaikolojia Maria Konnikova, ambaye aliandika habari za masomo hayo katika kitabu cha mwaka 2020. Seidel alikataa kusikiliza visa vya vipigo vya bahati. Mwanafunzi alitakiwa amweleze alikuwa na karata gani, mpinzani alikuwa na sarafu ngapi, na kwa nini aliamua vile. Karata ya mwisho ilikuwa ipi, mwalimu hakutaka kujua.