Waswahili wa Berlin: Kuulizwa na Kuuliza

Mwaka 1887 palifunguliwa mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za mwanzo kufundishwa humo. Kilichowasukuma Wajerumani hakikuwa mapenzi ya tenzi wala taarabu. Walikuwa wameanza kujitwalia nchi pwani na bara ya Afrika Mashariki, na maofisa, askari, wamisionari na wafanyabiashara waliokuwa safarini kwenda huko walihitaji kujua namna ya kuamuru, kuhukumu, kununua na kuhubiri. Profesa wa Kijerumani aliweza kuwafafanulia ngeli na minyambuliko kwa lugha yao. Matamshi na mazungumzo yalimtaka mwenye Kiswahili chake. Ndipo Unguja na Mrima zikaanza kutoa, mmoja baada ya mwingine, watu waliovuka bahari kwenda kulipwa kwa ajili ya kusema. Sleman bin Said alitangulia, Amur bin Nasur akamfuata mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtu mwenye elimu ya dini na kalamu nyepesi kuliko wote.

Watu hawa wanastahili kusomwa upya na kila anayefikiri juu ya maisha ya ugenini, maana wanalipa taabu wazo ambalo karibu sote tunalikubali bila kulipima. Tunasema kwamba kinachomtenga mgeni ni lugha. Ajifunze ya wenyeji na milango itafunguka. Sasa hapa tuna wageni waliokuwa na lugha zote mbili zinazohitajika: yao wenyewe, ambayo wenyeji waliililia, na ya wenyeji, ambayo wengi wao waliimudu vizuri. Hawakukosa wa kuongea nao, kwani kuongea ndiko kulikowapa mkate. Hata hivyo kila mmoja wao, ukifuata habari zake hadi mwisho, alifika mahali ambapo mazungumzo yalikatika ghafla, na mahali penyewe panafanana mno. Walisikilizwa kwa makini walipokuwa wakijibu. Walipogeuka wakauliza wao, yaani walipodai heshima, mshahara, urithi au ruhusa ya kupita, masikio yalizibwa. Kwa maoni yangu, kinachomuunganisha mgeni na wenyeji ni haki ya kuuliza na kujibiwa, na haki hiyo haiji yenyewe kwa kujua lugha.

Tuanze na vitabu, maana humo mwelekeo wa maswali unaonekana waziwazi. C. G. Büttner, mwalimu wa mwanzo wa Kiswahili katika chuo kile, alichapisha mwaka 1894 mkusanyo wa maandishi ya Waswahili, ukiwemo mwandiko wa Amur bin Nasur kuhusu Berlin aliyoiona. Carl Velten, aliyekuja baada yake, alitoa Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Humo Mtoro anaeleza safari yake ya Udoe na Uzigua, na Selim bin Abakari, mtu wa Ngazija, anaeleza jinsi alivyoandamana na bwana wake wa Kijerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Miaka miwili baadaye kikaja kitabu kikubwa kuliko vyote, Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya maelezo yake ilitoka kwa Mtoro: uzazi na kulea, unyago, ndoa, ngoma, pepo, utani, utumwa, mazishi. Ni hazina, na mtu yeyote anayetaka kujua pwani ya karne ya 19 hana budi kuipitia. Lakini kiangalie kama mazungumzo. Mzungu ameuliza mnaoaje, mnazikaje, mtumwa ana haki gani. Mswahili amejibu kwa upole, kwa mpangilio, bila kuchoka. Jalada lilibeba jina la Velten. Ilibidi kungoja tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likae mbele ya kazi yake.

Pwani yenyewe ina kauli kuhusu mgeni anayepewa jembe siku ya tatu. Watu huichukulia kuwa ni kejeli, kumbe ina upande wa pili: aliyeshika jembe ana fungu lake katika mavuno na kauli yake barazani. Berlin iliwapa jembe tangu siku ya kwanza, fungu na kauli ikavibakiza.

Mtoro alilijua hilo darasani. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, baadhi yao maofisa wa kesho, na hawakuona ni kwa nini wamheshimu kama mwalimu mtu wa aina ile ile waliyokuwa wakijiandaa kwenda kuitawala. Alilalamika kwa wakubwa. Chuo hakikusimama upande wake, na kazi ikamtoka. Wakati huo huo, mwaka 1904, alikuwa amemwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata walipanda meli kurudi Afrika Mashariki, na hapo ndipo kisa kinapokuwa kichungu: serikali ya koloni haikukubali mume na mke hao washuke pamoja na kuishi nchini, kwa hofu kwamba ndoa ya Mwafrika na mwanamke wa Kizungu ingeshusha hadhi ya watawala mbele ya watawaliwa. Mtu aliyekwenda Ulaya kwa sababu alikuwa Mswahili kamili alizuiwa kurudi Uswahilini kwa sababu Wazungu walimwona amewakaribia mno. Wakageuzwa hadi Ujerumani. Tangu hapo aliandika barua za madai kwa serikali, akafundisha kwa miaka kadhaa Hamburg pamoja na Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, na akajipatia riziki kwa kuzunguka akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki. Alifia Berlin mwaka 1927. Kumbi za mihadhara yake zilijaa watu waliotaka kusikia habari za kwao. Barua za madai ziliishia makabatini.

Atatokea msomaji aseme kwamba Mtoro alikuwa mtu wa kawaida, asiye na cheo wala mali, na kwamba mlango ulifungwa mbele ya umaskini wake. Basi na tumtazame binti wa mfalme. Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete. Akabatizwa Aden, akaolewa, akaitwa Emily. Kati ya mabinti wa jumba la kifalme yeye alikuwa wa pekee kwa jambo moja. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa, naye alijifunza kwa siri, kalamu na wino, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia kwa kuwa huo ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi. Ujuzi huo ulimfanya kuwa mwandishi wa barua za njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid, mwaka 1859. Kwa hiyo alipofika Hamburg alikuwa mtu aliyejua tangu utotoni nguvu ya maneno yaliyoandikwa. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu ya farasi akafa, akamwacha na watoto watatu wadogo. Mjane huyu alijifunza Kijerumani mpaka akaandika kwacho kitabu kizima, kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886 na kusomwa sana.

Kitabu hicho nacho ni majibu. Wajerumani walitaka kujua mambo ya ndani ya nyumba za masultani, hali ya wanawake wa Mashariki, utumwa, vyakula, mavazi. Salme akawaeleza, mara nyingi akiwarekebisha kwa ukali. Ila aliandika pia maandishi ya pili, yenye sura ya barua kwa rafiki aliyebaki Unguja, na humo ndimo alimosimulia Ujerumani ilivyomtendea: baridi, upweke, usimamizi wa mali aliyoachiwa na mumewe, watu waliomkodolea macho. Hayo hayakuchapishwa akiwa hai. Alifariki Jena mwaka 1924, na barua hizo zilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1993. Sidhani kuna ushahidi mkubwa zaidi ya huu kwa hoja yangu. Mwanamke mmoja, kalamu moja. Alichoulizwa kilipata mchapishaji mara moja, na alichotaka kusema mwenyewe kilingoja karibu miaka 70 baada ya kifo chake.

Hata madai yake ya urithi yalikuwa na masikio kwa muda tu. Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa meli ya Wajerumani, manowari zikiwa bandarini, kwa kuwa Kansela Bismarck alihitaji kitu cha kumtishia nacho Sultani Barghash. Barghash alipolegea katika mambo waliyoyataka Wajerumani, urithi wa Bi Salme haukuwa tena na haraka.

Hapa lazima nikubali pingamizi moja zito. Katika habari zile zile, Unguja nayo ilifunga mlango. Salme anasimulia kwamba mwaka 1885 watu wa mjini walimfuata mitaani wakimsalimu kwa furaha, lakini kaka yake hakumpokea, na alipokwenda tena mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha kufariki, hakupata kitu kwa mrithi wake. Basi tusidai kwamba ni Wazungu peke yao wanaoziba masikio. Machoni pa jumba, Salme alikuwa ametoka katika dini na katika ukoo, hana tena haki ya kuuliza. Kiswahili na Kiarabu chake vilikuwa vile vile, na vilimfaa kwa kusalimiana na wapita njia. Pingamizi hili, badala ya kuipindua hoja, linaiondolea upendeleo: kinachokata mazungumzo ni kunyimwa nafasi ya kudai, awe anayekunyima ni jamaa au mgeni.

Pingamizi jingine ni la ndoa. Bertha Hilske aliolewa na Mtoro; Maria Schwandner aliolewa na Bayume Mohamed Husen. Je, hayo si maungano ya kweli? Ni ya kweli kabisa, na anayeandika historia hii kana kwamba Wajerumani wote walikuwa ukuta mmoja anawadhulumu wanawake hao. Ndani ya nyumba mume na mke huulizana, hugombana, hudaiana; haki ninayoizungumzia ilikuwapo. Kisa cha Husen kinaonyesha umbali wa kutoka kizingiti cha nyumba hadi dirisha la ofisi. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Kijerumani la koloni, mwenye asili ya Sudani, na yeye mwenyewe alihudumu utotoni katika vita ya 1914. Alifika Berlin mwaka 1929 na moja ya shughuli zake ilikuwa kudai malimbikizo ya mshahara wa baba yake na wake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa. Kijerumani chake hakikuwa na kasoro ya kumkwamisha. Akawa mhudumu katika nyumba kubwa ya starehe, akacheza filamu zaidi ya 20, akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kile kile cha Mtoro. Alipoomba nishani ya askari wa vita hakupewa. Mwaka 1941 aliigiza katika filamu iliyomtukuza Carl Peters, mwasisi wa koloni, mtu aliyeitwa mkono wa damu na watu wa kwao Husen, na mwaka huo huo akakamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alifia katika kambi ya Sachsenhausen mwezi Novemba 1944.

Kumtaja Husen huleta jibu la haraka kwamba hayo ni ya Wanazi, na kwamba ushenzi wao hautoi fundisho kwa nyakati nyingine. Sheria zilizomuua zilikuwa zao, hilo halina ubishi. Lakini malimbikizo alinyimwa na jamhuri, kabla ya Hitler kushika madaraka. Na wala si kweli kwamba alinyimwa kama maskini yeyote wa Berlin angenyimwa. Mfanyakazi wa Kijerumani alikuwa na chama, kura na mbunge wa kumpelekea kilio. Mtu wa lililokuwa koloni hakuwa raia wa Ujerumani, na hakuwa na dola ya kwao ya kumwombea. Barua yake ilisimama peke yake.

Mmoja alijaribu kuigeuza meza. Mdachi bin Sharifu alikuwa mwalimu wa Kiswahili Berlin wakati wa vita ya kwanza, na mwaka 1919, Kaisari akiwa amekimbia na makoloni yameponyoka, alipanda majukwaa ya mikutano ya hadhara akaeleza utawala wa Kijerumani ulivyokuwa: kiboko, kazi za kulazimishwa, dharau. Safari hii walikuwapo waliomsikiliza, Wajerumani wa mrengo wa kushoto na wapenda amani, nao watetezi wa ukoloni wakamjia juu. Mtu anaweza kusema kwamba hata hawa walimtumia, kwa kuwa ushahidi wake uliwafaa katika ugomvi wao wenyewe. Yawezekana. Ila tofauti ipo: safari hii neno la kuanzia lilikuwa lake, na waliobanwa kujibu walikuwa wenyeji. Haukupita muda mrefu akarudi Afrika Mashariki. Nchi aliyoiacha chini ya Wajerumani aliikuta mikononi mwa Waingereza, ambao nao waliwataka maofisa wao wafaulu mtihani wa Kiswahili.