Zinia: kutoka Meksiko hadi meza ya harusi

Mabiharusi wengi wanatuuliza kuhusu maua ya ukumbini, na wengi huishia kwenye ya plastiki kwa sababu waridi la kuagiza ni ghali. Leo tuzungumzie zinia, ua la msimu mmoja linaloota kwa mbegu.

Asili yake ni Meksiko. Lilifika Ulaya karne ya 18, na mwaka 1759 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, akalipa jina kwa heshima ya Johann Gottfried Zinn, profesa wa Göttingen, Ujerumani, aliyefariki mwaka huohuo akiwa na miaka 31.

Wakati huo lilikuwa ua la kawaida, petali safu moja tu. Lilipendezeshwa na mikono ya wakulima: kila msimu walichagua ua bora, wakaweka mbegu zake. Katikati ya karne ya 19, Ufaransa ikaanza kuuza zinia zenye petali tabaka kwa tabaka. Miaka ya 1920, mashamba ya mbegu ya California yakatoa zinia kubwa mno. Januari 2016, zinia ikachanua hata kwenye kituo cha anga za juu!

Kazi ile ya kuchagua mbegu hata sisi tunaiweza uani kwetu. Kila petali ya zinia ni ua dogo lenye mbegu yake. Acha ua likauke mtini, vuta petali, mbegu itakuja nayo. Weka kwenye bahasha ya karatasi, pakavu.

Tarehe ya harusi ikipangwa, hesabu wiki 10 nyuma, kisha panda palepale unapotaka zikue, penye jua, kina cha nusu sentimita. Ndani ya wiki moja huota. Epuka mvua za masika, na mwagilia chini, kwa sababu majani yakilowa hupata magonjwa kwa urahisi. Mche ukifika urefu wa kiganja, kata ncha utoe matawi.

Zinia haina harufu, kwa hiyo kikuba kibaki cha asumini na mrehani. Zinia ipambe meza.

Na mbegu za harusi yako usizitupe, shoga. Mwekee mdogo wako. Rangi huenda zikabadilika, maana nyuki huchanganya, lakini naye hatahitaji plastiki.