Ulingo, Sinema na Nafasi ya Mtu Mweusi

Mtu wa Vamizi, au wa kisiwa chochote cha Wamwani baina ya Palma na Ibo, kaskazini mwa pwani ya Msumbiji, aliyekulia zama ambazo sheria ya Mreno ilimwandika daftarini kuwa indígena, yaani mwenyeji asiye raia, na kuwalazimisha jirani zake wa bara kulima pamba, anajua vema hali ya mja ambaye nguvu za mwili wake zinatakiwa ilhali hadhi yake inakataliwa. Na kwa sababu hiyo filamu za ngumi zilizotengenezwa Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, japo zilitungwa mbali na bahari yetu, zinatuhusu.

Asili ya jambo ni ya kale zaidi. Tarehe 4 Julai 1910, huko Reno, Jack Johnson, bingwa wa kwanza mweusi wa uzani wa juu, alimshinda Jim Jeffries, na picha za pambano lile zikazuiliwa katika miji mingi. Mwaka 1912 bunge la Marekani likaharimisha kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo hadi jimbo, na amri hiyo ikadumu hata 1940.

Lakini tukio lililo wazi kupita yote ni la The Set-Up. Joseph Moncure March alipoitunga hikaya hiyo kwa mashairi mwaka 1928, shujaa wake alikuwa bondia mweusi, na rangi yake ndiyo iliyokuwa kiini cha masaibu yake. Robert Wise alipoigeuza kuwa filamu mwaka 1949, nafasi ile alipewa Robert Ryan, mzungu, na James Edwards, mwigizaji mweusi mwenye heba, akawekwa kando kuwa bondia mmoja miongoni mwa wengi. Mwaka uo huo Edwards alipewa nafasi kubwa katika Home of the Brave, filamu ya vita ambayo asili yake, tamthilia ya Arthur Laurents, ilimhusu askari Myahudi. Yaani dhuluma ya rangi iliweza kusimuliwa jeshini, bali si ulingoni, ambako Joe Louis, bondia mweusi, alikuwa ameushika ubingwa tangu 1937 hata 1949. Mimi naihesabu filamu ya Wise kuwa kazi bora kwa ufundi, na ndiyo maana upungufu huu unaniuma.

Body and Soul ya Robert Rossen, ya mwaka 1947, ilikuwa na insafu zaidi. Canada Lee, aliyekuwa bondia wa malipo hata jeraha la jicho likamtoa ulingoni, aliigiza humo Ben, bingwa mweusi aliyeporwa taji kwa hila za wacheza kamari, akamwigiza kwa utulivu na heshima, bila unyonge wala kuchekesha. Walakini Ben hufa, na kifo chake ndicho kiamshacho dhamiri ya mhusika mkuu, ambaye si mweusi. Lee mwenyewe, akiandamwa kwa tuhuma za ukomunisti, alikwenda Afrika Kusini kuigiza kasisi Kumalo katika Cry, the Beloved Country, akafariki mwaka 1952 akiwa na umri wa miaka 45.

Mwaka 1953 ikatoka The Joe Louis Story, ambamo bondia mweusi ndiye shujaa, na Coley Wallace, bondia hasa, ndiye aliyekuwa Louis.

Kwetu Cabo Delgado nafasi hizo ziligeuzwa: Ruy Guerra, mzaliwa wa Lourenço Marques, alitengeneza mwaka 1979 Mueda, Memória e Massacre, akiwapiga picha wenyeji wakiigiza mauaji ambayo Wareno waliyafanya Mueda tarehe 16 Juni 1960, yaliyowafika wao wenyewe, na maofisa wa Kireno nao wakachezwa na watu weusi wa pale pale.