Kuua Mnyoo na Kumwinua Mtu: Historia ya Kichocho cha Uti wa Mgongo na Wajibu wa Kanisa

Utangulizi

Mchungaji anayehudumu kando ya Ziwa Viktoria anakifahamu kichocho. Hata hivyo, si wengi miongoni mwetu tunaofahamu kwamba ugonjwa huo waweza kumpoozesha mtu. Hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Katika usharika mmoja tuliouhudumia zamani, kijana mvuvi alianza kuumwa kiuno. Baada ya siku chache miguu ikafa ganzi na mkojo ukaziba. Jamaa zake walisema amerogwa. Sisi tuliyapinga maneno ya uchawi, tukamwombea, tukawashauri wasubiri. Majuma matatu yakapita kabla hajafikishwa hospitali. Dawa iliwaua minyoo, lakini nguvu za miguu hazikurudi.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba nyuma ya kijana huyo zipo historia mbili, yaani historia ya kumtafuta mnyoo na historia ya kumwinua mtu aliyepooza. Historia hizi zilikwenda mbalimbali kwa muda mrefu, na Kanisa limeitwa kuziunganisha.

Historia ya mnyoo

Kichocho ni ugonjwa wa kale. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alieleza kwamba ameyaona mayai ya mnyoo wake ndani ya figo za maiti mbili za Misri zilizohifadhiwa kwa miaka ipatayo 3,000. Mnyoo mwenyewe aligunduliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akipasua maiti katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo. Bilharz alifariki mwaka 1862 akiwa na umri wa miaka 37, pasipo kujua jinsi mnyoo huyo anavyoingia mwilini. Jambo hilo lilithibitishwa na Robert Leiper huko Misri mwaka 1915: vijidudu hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu.

Minyoo wakomavu huishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na matumbo na kibofu. Mishipa inayoungana na ile ya uti wa mgongo haina vali za kuzuia damu kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo mayai huweza kuchukuliwa hadi kwenye uti. Mwili huyazingira, uvimbe hutokea, na neva hubanwa, hasa za sehemu ya chini. Hapo ndipo huja maumivu ya kiuno, miguu kulegea, na mkojo kuziba au kutoka bila kuzuilika.

Kwa habari ya tiba, mwaka 1918 J. B. Christopherson alitangaza kutoka Khartoum matumizi ya sindano za antimoni. Dawa hiyo ilikuwa kali, tena ilileta msiba usiotazamiwa. Katika kampeni za Misri, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, sindano zilizotumiwa tena na tena bila kutakaswa vema ziliwaambukiza watu wengi homa ya ini aina ya C. Watu walikuja kuponywa ugonjwa mmoja, wakaondoka na mwingine. Prazikwanteli, dawa ya kumeza iliyopatikana katika miaka ya 1970, ilileta nafuu kubwa. Lakini uti unapoguswa, dawa hiyo peke yake haitoshi. Mganga huongeza dawa za kutuliza uvimbe, na kila siku inayopotea hupunguza tumaini la mgonjwa kutembea tena.

Historia ya kumwinua mtu

Misri hiyohiyo imetuachia hati ya mafunjo ya yapata mwaka 1600 K.K., iliyonunuliwa Luxor na Edwin Smith mwaka 1862. Hati hiyo yaeleza habari za mtu aliyepooza kwa kuumia shingo, na hukumu yake ni kwamba hatibiki. Kwa karne nyingi hukumu hiyo ilibaki kuwa kweli. Wagonjwa wa namna hiyo walikufa kwa vidonda vya kulalia na kwa maambukizo ya mkojo.

Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 1 Februari 1944, Ludwig Guttmann alipofungua kituo chake huko Stoke Mandeville, Uingereza. Yeye alikuwa daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939. Sisi Walutheri yatupasa kulitaja jambo hili kwa unyenyekevu, kwa maana katika miaka hiyo utawala wa Wanazi uliwaua walemavu, baadhi yao wakichukuliwa kutoka nyumba za huduma za makanisa. Guttmann hakuanza na mashine za ajabu. Aliagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kibofu kitunzwe, viungo vifanyishwe mazoezi, na kila mmoja apewe kazi. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Watu waliohesabiwa kuwa wafu walikuwa wakishindana.

Hitimisho

Katika Marko 2 twasoma habari za mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne. Mara nyingi tumehubiri imani yao, tukasahau mabega yao. Tena mtu yule hakuachwa palepale mbele ya umati. Bwana alimtuma aende nyumbani kwake. Kuponywa kunaishia nyumbani, yaani mahali pa chakula, kazi na jirani.

Kwa hiyo wajibu wetu ni wa namna mbili. Kwanza, mtu wa pwani ya ziwa anapolegea miguu ghafula, tumwombee tukiwa njiani kumpeleka hospitali. Pili, arudipo bila kutembea, utumishi wetu ndio kwanza unaanza. Wazee wa kanisa wajifunze kutoka kwa wauguzi jinsi ya kumgeuza. Vijana wasawazishe njia ya kiti chake. Ngazi za kanisa zipate mteremko. Naye apewe nafasi ya kuhudumu, si kuhudumiwa tu.

Mvuvi yule alijifunza kushona nyavu akiwa ameketi. Lakini kwa miaka miwili hakuingia kanisani, kwa sababu mlango wetu ulikuwa na ngazi tano. Ngazi hizo hazikujengwa na mnyoo.