Safi Faye (1943–2023)

Mzaliwa wa Dakar, Senegal, wa kabila la Waserere, Safi Faye alianza kazi akiwa mwalimu. Mwaka 1966, kwenye Tamasha la Dunia la Sanaa za Watu Weusi lililofanyika jijini humo, alikutana na mtengenezaji filamu Mfaransa Jean Rouch, ambaye baadaye alimpa nafasi katika filamu yake *Petit à petit*. Kisha akaenda Paris kusomea ethnolojia na filamu.

Filamu yake *Kaddu Beykat* (1975) ndiyo iliyomtangaza. Ilipigwa bila rangi huko Fad'jal, kijiji cha wazazi wake. Katika filamu hiyo, kijana Ngor anataka kumwoa Coumba, lakini ukame umeharibu karanga na mahari haipatikani, basi anakwenda Dakar kutafuta vibarua. Kisa chenyewe ni chepesi. Uzito wake uko kwa wakulima halisi, wanaokaa pamoja na kulalamikia kilimo cha karanga na madeni. Serikali haikufurahishwa, ikaipiga marufuku. Babu yake Safi anaonekana humo. Babu huyo alifariki muda mfupi baada ya upigaji picha.

*Kaddu Beykat* inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya mwanamke wa Afrika kusini mwa Sahara kusambazwa kibiashara. *Fad'jal* (1979) na *Mossane* (1996) zilioneshwa Cannes.