Wimbi la Krakatau (2)

ILIPOISHIA: Agosti 26, 1883, meli ya mvuke Gouverneur-Generaal Loudon iling'oa nanga Anyer, pwani ya Java, ikiwa imesheheni vibarua. Usiku ikafika Teluk Betung, Sumatra, lakini bahari ilichafuka mno hata abiria wakashindwa kushuka. SASA ENDELEA...

Kulipopambazuka, majivu yalikuwa yametanda tangu omo hata tezi. Kibarua mmoja kijana, kajifunga kitambaa puani, aliyakomba na kuyamwaga baharini. Volkano ya Krakatau ilikuwa ikinguruma tangu jana yake.

"Baba, ule mlima una nini?"

"Achana na mlima, mwanangu," akajibu baharia mzee. "Tazama maji."

Wote wawili hawakujua kinachopikika chini yao. Sakafu ya Bahari ya Hindi huzama chini ya Java na Sumatra, sentimita chache kila mwaka. Maji yaliyomo katika mwamba huo unaozama huyeyusha mwamba wa moto ulio juu yake, na uji wake hupanda kutafuta pa kutokea. Krakatau ndiyo iliyokuwa tundu lake.

Yapata saa moja asubuhi, bahari ikainuka.

"Shikeni kamba!"

Nahodha Lindeman hakulikimbia wimbi. Aliielekeza omo kulikabili. Loudon ikapanda, ikapanda tena, kisha ikaporomoka upande wa pili huku vibarua wakibiringika sitahani. Mawimbi mengine yakafuata. Kijana alipofumbua macho, Teluk Betung haikuwapo. Manowari ndogo Berouw ilikuwa imetupwa nchi kavu.

Amri ikatoka: meli irudi Anyer kupeleka habari.

"Alhamdulillahi!" kijana akashusha pumzi. "Mke wangu yuko Anyer, ana mimba ya miezi minane."

Mzee hakuitikia. Alijua Anyer na Krakatau hutazamana.

Saa nne na dakika mbili, kabla hawajatoka ghubani, mlima ukapasuka. Kishindo chake kilisikika hadi kisiwa cha Rodrigues, karibu kilomita 4,800 kutoka pale. Mchana ukageuka usiku, matope yakaanza kunyesha kutoka angani.

"Tupeni nanga!" nahodha akapiga kelele.

Mzee akamkamata kijana mkono. "Usiiachie kamba. Lile la asubuhi lilikuwa dogo."

Je, Loudon itanusurika? Na Anyer kumesalia nini? Usikose Jumamosi ijayo.