Chuo cha Bwana Wells

Fedha zilizojenga Chuo cha Wells zilichumwa barabarani. Henry Wells alikuwa mmoja wa waanzilishi wa American Express mwaka 1850, na wa Wells Fargo miaka miwili baadaye. Alitajirika kwa kusafirisha barua, vifurushi na dhahabu ya California. Alikuwa na kigugumizi, na aliwahi kuendesha shule za kuwafunza wenye kigugumizi wenzake. Kwa hiyo kazi ya elimu haikuwa ngeni kwake alipofungua seminari ya wasichana mwaka 1868 kijijini Aurora, kando ya Ziwa Cayuga, jimbo la New York. Mwaka huohuo, kusini mwa ziwa hilohilo, Chuo Kikuu cha Cornell kilianza na wanaume pekee.

Mwaka 1870 seminari ikaitwa chuo. Mwaka 1888 jengo kuu likateketea, na miaka miwili baadaye jingine likawa limesimama. Sanamu ya Minerva, mungu wa hekima wa Warumi, ilinusurika moto huo, na wanafunzi wakaifanya yao: siku ya mwisho ya masomo, wa mwaka wa nne waliibusu miguu, kisha wakapanda gari la farasi la Wells Fargo.

Mhitimu aliyekipa chuo umaarufu ni Frances Folsom, aliyemaliza mwaka 1885. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 21, aliolewa na Rais Grover Cleveland ndani ya Ikulu, jambo ambalo hakuna mke mwingine wa rais wa Marekani aliyelifanya. Magazeti yalimwandama kila alikokwenda. Yeye hakuisahau Aurora. Aliingia kwenye bodi ya wadhamini na kukitumikia chuo kwa miongo kadhaa.

Ajabu ni kwamba chuo cha wanawake kilikaa zaidi ya miaka mia moja chini ya marais wanaume, hadi mwaka 1976 alipoteuliwa Frances Farenthold, mwanasiasa wa Texas. Kufikia wakati huo upepo ulikuwa umeshabadilika. Yale na Princeton zilikuwa zimeanza kupokea wasichana tangu 1969, na vyuo vya wanawake, vilivyozidi 200 nchini humo mwaka 1960, vilikuwa vinafungwa au kuchanganya. Wells ilishikilia msimamo. Mwaka 1999 ilipunguza ada kwa karibu theluthi ili kuvuta wanafunzi.

Haikutosha. Oktoba 2004 bodi iliamua kupokea wavulana. Wasichana waligoma, wakakaa ndani ya jengo la chuo, na wawili wakaenda mahakamani kudai kwamba waliahidiwa chuo cha wanawake. Walishindwa. Mwaka 2005 wavulana wakaingia.

Ukitazama hesabu, wagomaji hawakuwa wajinga. Kuchanganya kulikinunulia chuo miaka 19 tu, nacho kikakosa kile kilichokitofautisha na mamia ya vyuo vidogo vinavyogombea wanafunzi walewale. Ila kwa upande wa pili, bodi ilikuwa na madeni mezani, na heshima ya jina hailipi mishahara.

Tarehe 29 Aprili 2024, zikiwa zimebaki wiki chache muhula uishe, chuo kilitangaza kwamba kinafunga. Wanafunzi, ambao hawakufika 400, waliambiwa watafute pa kuhamia. Majira hayo ya joto Minerva, aliyepona moto wa 1888, alikatika kichwa wakati wa kuhamishwa.

Kijiji nacho kilipata hasara yake. Hoteli ya Aurora Inn ilikuwa imeshakarabatiwa kwa fedha za Pleasant Rowland, mhitimu wa 1962 aliyebuni wanasesere wa American Girl, lakini wageni wengi wa Aurora walikuwa wazazi na wahitimu. Isitoshe, mtambo wa kusafisha maji ya kijiji uliendeshwa na chuo. Kwa hiyo wakazi, ambao ni mamia machache tu, walianza vikao vya kuamua nani sasa atawasafishia maji ya kunywa.